Nilivyozuia simu za ng'ambo zilizokuwa zikimaliza salio la ofisi

Kwa miezi miwili salio la simu za intaneti katika duka letu la vipuri, Kirinyaga Road, Nairobi, lilikuwa likiisha kabla ya katikati ya mwezi, na kila niliyemweleza alinipa jibu lile lile: wezi wameingia kwenye mtambo unaoendesha simu za ofisi, badilisha maneno ya siri. Niliyabadilisha yote, na salio likaendelea kuyeyuka. Ushauri ule unaniudhi hadi leo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya walionishauri aliyeomba kwanza kuiona orodha ya simu zilizopigwa.

Nilipoichapisha na kuipitia mstari kwa mstari, nilitambua kwamba hiyo haikuwa kazi ya wezi. Mwizi wa simu za intaneti hupenda usiku au mwisho wa juma, wakati ofisi haina mtu, naye hupiga kwa mfululizo kwenda kule ambako dakika moja ni ghali. Simu zetu zilipigwa saa za kazi, moja moja, kwa dakika moja au mbili, na karibu zote zilianza na 255 au 256. Nikaitazama simu iliyokuwa mezani mwangu: vitufe vya 4, 5 na 6 vimekaa safu moja. Kenya ni 254, Tanzania ni 255, Uganda ni 256. Wateja wetu hututumia namba zinazoanza na 254, nasi huzibonyeza kama zilivyo. Kidole kikiteleza kulia kwenye tarakimu ya tatu, namba hubaki na tarakimu zake 12 na kuwa namba halali ya mtu mwingine katika nchi jirani.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba wafanyakazi wenyewe hawakuwa na habari. Kijana wetu wa mauzo alipoonyeshwa tarehe na saa, alikumbuka kuwa alikuwa akimtafuta fundi mmoja wa Thika kuhusu klachi. Simu ilipokelewa na mama mwenye sauti ya upole. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakajuliana hali, kisha akamwulizia fundi. Mama yule akamwomba asubiri, akaenda kumwita mwanamume ambaye hakujua lolote kuhusu klachi. Kama angejibiwa kwa Kifaransa angekata papo hapo, lakini alijibiwa kwa Kiswahili kizuri kuliko chake. "Nilidhani nimeangukia watu wa Pwani," aliniambia, nami sikuwa na sababu ya kumlaumu.

Jaribio langu la kwanza lilishindwa vibaya. Kwa kuwa hapa Kenya simu ya kimataifa huanza na 000, niliamuru mtambo ukatae namba yoyote yenye sufuri tatu mwanzoni, nikampa Mzee mwenye duka taarifa kwamba kazi imekwisha. Jumatatu iliyofuata orodha ilionyesha simu mbili za Tanzania na moja ya Uganda. Nilikuwa nimefunga mlango ambao hakuna aliyekuwa akiupita: kampuni inayotuuzia huduma hupokea namba zinazoanza moja kwa moja na msimbo wa nchi, bila sufuri wala alama ya kujumlisha.

Siku hiyo ndipo nilipofungua kanuni za upigaji zilizoandikwa na fundi aliyetuwekea mtambo, ambao unatumia programu ya Asterisk. Katika programu hiyo herufi X husimama mahali pa tarakimu yoyote, Z mahali pa tarakimu kuanzia 1 hadi 9, na nukta huruhusu chochote kinachofuata, kwa urefu wowote. Fundi alitaka kuruhusu namba za 254, lakini aliandika 25 akaweka nukta. Nukta hiyo moja ilifungua Tanzania, Uganda, na hata Somalia yenye 252 na Ethiopia yenye 251.

Niliifuta. Badala ya kuorodhesha yanayokatazwa, niliandika yanayoruhusiwa tu, na mengine yote yakakosa njia. Kanuni ya kwanza ni 254 ikifuatwa na X tisa, basi. Ya pili ndiyo ninayojivunia: 0, kisha Z, kisha X nane. Hiyo inapitisha simu za mkononi za 07 na 01, inapitisha 020 ya Nairobi na 041 ya Mombasa, na kwa kuwa Z haikubali sufuri, namba yoyote inayoanza na 00 au 000 inakwama bila kuandikiwa katazo lake. Nikaongeza 999, 112 na 911 kabla ya kufanya jambo lingine lolote, na ninamsihi kila atakayefuata njia hii asizisahau, kwa maana mtambo wa namna hii ukishafungwa hautofautishi simu ya mzaha na simu ya moto.

Ulibaki mlango mmoja wa nyuma. Simu ngeni ya ng'ambo hulia mara moja na kukatika, na mfanyakazi mwenye bidii hubonyeza kitufe cha kumpigia aliyepiga akidhani ni mteja. Kanuni mpya zinalizuia hilo pia, ila niliiomba kampuni ya huduma ifunge upande wake nchi zote isipokuwa Tanzania na Uganda, ambako tuna wauzaji halisi, na iache kutuongezea salio yenyewe linapokwisha. Anayehitaji kupiga Dar es Salaam sasa hubonyeza 88 kwanza, kisha mtambo humdai namba ya siri. Tunaijua Mzee na mimi.

Gharama ya kazi yote haikufika elfu mbili, na sehemu kubwa ilikuwa nauli na chai ya fundi niliyemwita ahakiki nilichoandika. Jana kijana wa mauzo alibonyeza 255 tena kwa bahati mbaya. Alisikia mlio wa kukataliwa, akaisoma namba upya kwenye karatasi, na safari hii akampata fundi wa Thika.