Nilivyochagua gari la kubebea mizigo ya nyumbani na bustani bila kuumizwa na mafuta

Kabla sijakwenda kutazama gari lolote, nilikaa na daftari nikaorodhesha vitu vyote ambavyo kaya yetu ilivisafirisha katika mwaka uliotangulia. Kulikuwa na mifuko ya saruji, mchanga, kokoto, samadi, miche, mbao za futi kumi na mbili, karatasi za plaiwudi, mabati, matawi yaliyokatwa, friji moja na magodoro. Mbele ya kila kitu niliandika uzito wake, urefu wake na kama hubebwa mara kwa mara au kwa nadra. Kazi hiyo ilinisaidia kuliko matangazo yote ya magari niliyoyasoma baadaye, kwa sababu ilionyesha jambo ambalo mtu halioni mpaka aliandike: vitu vizito vya nyumbani karibu vyote ni vifupi, vitu virefu karibu vyote ni vyepesi, na kitu kilicho kizito na kirefu kwa pamoja hutokea mara chache mno kiasi cha kutostahili kununuliwa gari lake.

Uzito ndio uliohitaji uangalifu zaidi, kwani macho hudanganya. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina takriban kilo 1,600, na ukilowa hukaribia au hata kupita kilo 1,900. Nilitaka kujihakikishia mwenyewe, hivyo nilijaza ndoo ya lita 10 mchanga ulionyeshewa, nikaifuta ukingo, nikaiweka juu ya mizani ya kupimia uzito wa mwili. Mshale ulisimama karibu na kilo 19. Ndoo hiyohiyo ikijazwa vipande vya mbao vya kutandaza bustanini haifiki hata kilo 4. Maana yake ni kwamba bodi la gari linaloweza kujazwa vipande vya mbao hadi pomoni bila shida yoyote, likitiwa mchanga hadi nusu tu huenda limeshapita kiwango chake, ingawa mtu akilitazama kwa mbali ataliona lina nafasi tele. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una faida kwamba uzito wake umeandikwa, lakini udongo, kokoto na samadi havisemi chochote.

Kutoka hapo nilijifunza kusoma bamba au kibandiko cha uzito, ambacho kwa kawaida hubandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Kinachotafutwa hapo ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa wa gari pamoja na kila kilichomo. Ukiutoa uzito wa gari tupu unapata uwezo wake halisi wa kubeba, na uwezo huo unawajumuisha watu. Wauzaji wengi husema gari fulani linabeba kilo 550 kana kwamba linajiendesha lenyewe. Wakikaa watu wanne wa kilo 75 kila mmoja, kilo 300 zimeshatumika, na zilizobaki zinatosha mifuko mitano tu ya saruji. Isitoshe, baadhi ya watengenezaji wameshamhesabu dereva wa kilo 75 ndani ya uzito wa gari tupu na wengine hawakumhesabu, kwa hiyo magari mawili hayalinganishwi mpaka ijulikane ni hesabu ipi iliyotumika.

Baada ya uzito niligeukia mafuta, na hapa ndipo uamuzi wangu ulipopatikana. Swali ambalo watu wengi huuliza ni gari linakula kiasi gani likiwa na mzigo. Mimi niliona swali zito zaidi ni kiasi linachokula likiwa tupu, kwa sababu gari la nyumbani hutembea likiwa tupu muda mwingi: kazini, shuleni, sokoni, kusalimia ndugu. Chukua mfano wa kilomita 15,000 kwa mwaka. Pikapu inayotumia lita 11 kwa kila kilomita 100 itamaliza lita 1,650, na gari dogo linalotumia lita 6 litamaliza lita 900. Tofauti ni lita 750. Sasa tuseme kilomita 1,500 kati ya hizo ni za kubeba mizigo, na gari dogo likibeba au kuvuta matumizi yake yapande kwa nusu nzima. Ongezeko hilo ni lita 45 tu. Hata pikapu ikipewa upendeleo wa kutoongeza tone moja inapobebeshwa, bado gari dogo linabaki mbele kwa lita 705 kila mwaka. Nilirudia hesabu hiyo nikiongeza sehemu ya safari za mizigo, na matokeo hayakugeuka mpaka nilipofika kwenye matumizi ambayo ni ya mfanyabiashara wa usafirishaji, si ya mwenye nyumba.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Uzito wa gari hulipiwa kila linapoondoka baada ya kusimama na kila linapopanda mlima, na msuguano wa matairi huongezeka kadiri uzito unavyoongezeka. Upepo nao una hesabu yake: spidi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka mara nne. Ndiyo maana gari refu kwenda juu lenye uso mpana hugharimu zaidi barabara kuu kuliko mjini. Mamlaka za Marekani zinazopima matumizi ya mafuta hueleza kwamba kila kilo 45 za ziada zinaweza kupunguza ufanisi kwa takriban asilimia 1, ilhali sanduku kubwa lililofungwa juu ya paa linaweza kuupunguza kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Nilipozisoma takwimu hizo niliiondoa keria ya juu katika mipango yangu, isipokuwa kwa siku chache za kubeba mbao, na hata hizo ni za mwendo wa polepole na keria hufunguliwa mara kazi inapokwisha.

Nitaje pia mtego wa vipimo, kwa kuwa unaweza kumpotosha hata mtu makini. Vyanzo vingine hutumia lita kwa kilomita 100, vingine kilomita kwa lita, na vingine maili kwa galoni. Galoni ya Marekani ni lita 3.785 na ya Uingereza ni lita 4.546, hivyo gari linalosifiwa kwa maili 40 kwa galoni linatumia lita 5.9 kwa kilomita 100 ikiwa galoni ni ya Marekani, na lita 7.1 ikiwa ni ya Uingereza. Njia niliyoitumia ni kugawanya 235 kwa takwimu ya Marekani, au 282 kwa ile ya Uingereza, nikazigeuza zote kuwa lita kwa kilomita 100 kabla ya kulinganisha. Aidha, kwa magari yaliyopimwa Ulaya kabla ya utaratibu wa majaribio kubadilishwa kuanzia mwaka 2017, niliziongezea takwimu za mtengenezaji kiasi fulani kichwani, kwa kuwa utaratibu wa zamani ulikuwa na huruma kupita kiasi.

Magari niliyoyafikiria yalikuwa ya aina nne. Pikapu ya kawaida ya tani moja ni imara, husamehe makosa ya upakiaji, na hupakiwa kwa koleo au kwa mashine bila kuchafua viti. Lakini ukubwa wake hulipiwa kila siku, na zile zenye milango minne huwa na bodi la takriban mita moja na nusu tu, fupi kuliko plaiwudi. Pikapu ndogo za haibridi, yaani zenye injini ya mafuta inayosaidiwa na mota ya umeme, zimeanza kubadilisha hali hiyo. Ford Maverick ya mwaka 2022, kwa mfano, ilitolewa ikiwa na mfumo wa haibridi wenye wastani wa maili 37 kwa galoni ya Marekani, yaani takriban lita 6.4 kwa kilomita 100, pamoja na uwezo wa kubeba wa takriban kilo 680. Kama gari la aina hiyo lingepatikana kwa urahisi nilikokuwa nikitafuta, huenda ningeandika habari nyingine kabisa.

Vile vigari vya Kijapani ambavyo wengi wanaviita kirikuu vilinivutia sana. Sheria ya Japani huviwekea mipaka ya injini ya sentimita za ujazo 660, urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na mzigo wa kilo 350, na ndani ya mipaka hiyo mafundi wamefanya maajabu: bodi lake ni tambarare, lina urefu unaokaribia mita 2, na kuta zake hufunguka pande tatu. Kwa bustani, sijaona chombo kilichofikiriwa vizuri kuliko hicho. Nilikiacha kwa sababu kina viti viwili tu, nasi tulihitaji gari moja la kufanya kila kitu. Gari la boksi lenye mlango wa kuteleza ubavuni lilikuwa la tatu, na ningemshauri fundi wa umeme au wa mabomba alichukue bila kusita, ila samadi na viti vya watoto ndani ya chumba kimoja ni mambo yasiyopatana.

Aina ya nne, ambayo ndiyo niliyoichagua, ni stesheni wagoni ya haibridi, yaani gari dogo ambalo buti lake limeungana na chumba cha abiria, pamoja na tela jepesi la ekseli moja, yaani chuma kimoja kinachobeba magurudumu yake. Tela hulala nyumbani siku ambazo halihitajiki, na kwa hiyo halili mafuta. Uchafu wote unabaki nje. Sakafu yake iko chini, jambo ambalo mgongo hulitambua mara moja, maana kuinua mfuko wa saruji hadi usawa wa goti na kuuinua hadi kifuani ni kazi mbili tofauti. Hata hivyo si kila gari dogo linaruhusiwa kuvuta, na haibridi kadhaa hazikuidhinishwa kuvuta kabisa katika baadhi ya masoko. Niliangalia kitabu cha gari lenyewe, kwa mwaka uleule na injini ileile, kabla ya kuuliza bei. Kwa tela lisilo na breki zake, kiwango kilichozoeleka Ulaya ni nusu ya uzito wa gari tupu, na kisizidi kilo 750. Gari langu lina kilo 1,400, hivyo linaweza kuvuta kilo 700. Tela tupu lina kilo 150. Zinabaki 550 za mzigo, sawa na mifuko 11 ya saruji au chini kidogo ya lita 300 za mchanga uliolowa. Leseni pia ina neno lake katika jambo hili, kwa kuwa nchi nyingi huweka kikomo cha uzito wa tela ambalo dereva wa gari dogo anaruhusiwa kulivuta, nami nilihakikisha ninabaki chini yake.

Nilipokwenda kukagua magari nilibeba futi kamba na kipande cha kadibodi kilichokatwa kwa upana wa mita 1.22, ambao ndio upana wa karatasi ya plaiwudi. Kadibodi hiyo ilimaliza mazungumzo mengi. Gari lililotangazwa kuwa na buti kubwa kuliko mengine yote liliikataa mlangoni, kwa sababu lita za ujazo huhesabu pia pembe na mashimo ambayo hakuna kitu kigumu kinachoweza kuingia. Nililaza viti vya nyuma kila mahali nilipokwenda, kuona kama sakafu inakuwa tambarare au inaacha ngazi katikati, kisha nikapima kutoka mlango wa nyuma hadi mgongo wa kiti cha abiria kikiwa kimelazwa. Kwa haibridi niliuliza pia tundu la kupozea betri liko wapi, maana katika baadhi ya magari liko kando ya kiti cha nyuma, na gunia likiliziba betri hukosa hewa.

Katika matumizi, kilichohitaji kuzoeleka ni mgawanyo wa mzigo. Tela lililolemewa nyuma huanza kuyumba barabarani na linaweza kulivuta gari likapoteza mwelekeo, hivyo mzigo mzito hukaa juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Uzito unaokalia ndoano ya gari unatakiwa kuwa kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa tela lote, bila kupita kiwango cha gari, ambacho kwa gari langu ni kilo 75. Ile mizani ya kupimia mchanga ilipata kazi ya pili: huiweka chini ya pua ya tela, nikasimamisha kipande cha mbao katikati yao, nikasogeza mifuko mbele au nyuma mpaka mshale ukae kati ya 40 na 60. Upepo wa matairi hupimwa yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwa gari lililobeba, kwani tairi laini hula mafuta na hupata moto. Kurudi nyuma na tela fupi ni kazi ya kujifunza mahali pa wazi, maana hugeuka upesi kuliko lile refu.

Kuna mizigo ambayo mpangilio huu hauibebi, nami sikusudii ibebwe. Mita tatu za ujazo za kokoto zinakaribia tani 5, na kuzigawa katika safari ndogondogo kungemaliza faida yote ya mafuta niliyoihesabu. Hizo huletwa na tipa mara moja, zikamwagwa mahali pake, na kazi inayobaki ni ya toroli.