Chapati za Idi, Kuku wa Jumapili

Baba alipofariki, mama alihamia kwetu Chicago. Haukupita muda mrefu daktari akamwambia ana kisukari. Alipewa vidonge, kisha akaambiwa ahudhurie darasa la lishe kwenye ukumbi mmoja wa South Side, upande wa kusini wa jiji. Nilimsindikiza ili nimtafsirie.

Ilikuwa Januari, baridi imekaza. Ukumbini tulikuwa watu weusi watupu, wengi wao wazee, na mtaalamu wa lishe alikuwa dada kijana mwenye sauti ya upole. Alitugawia karatasi iliyoorodhesha vyakula vya asili vya watu weusi na namna ya kuvipunguza: kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini, miguu ya nguruwe, mboga za majani zilizochemshwa na nyama ya nguruwe ya moshi. Nilimtafsiria mama polepole. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, waambie mimi ni Mwislamu. Nguruwe hata harufu yake siijui."

Nikainua mkono nikayasema hayo, na nilikuwa na hasira. Mama alizaliwa Muheza, Tanzania, amekulia ugali, kisamvu na dagaa. Alikuwa na ugonjwa wa kweli, na karatasi ile haikuwa na neno hata moja la kumsaidia. Iliona rangi yake ikadhani imeshakiona na chungu chake.

Niliamini karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, basi wao wangeridhika nayo. Lakini bibi mmoja aliyekaa mbele yetu, kofia ya sufu kichwani, aligeuka akasema hata yeye haimjui. Wazazi wake walitoka Mississippi, katika ule uhamaji mkubwa wa watu weusi wapatao milioni 6 walioondoka Kusini mwa Marekani kati ya miaka ya 1910 na 1970. Walipanda treni kwenda Chicago wakiwa na kuku wa kukaanga na mayai ya kuchemsha ndani ya boksi, kwa sababu mtu mweusi hakuwa na hakika ya kuhudumiwa chakula safarini. Kuku yule alikuwa wa safari. Siku nyingine alikuwa wa Jumapili, au wa siku mchungaji anapokuja kula. Jumatatu hadi Jumamosi, alisema bibi, mama yake alipika kunde, majani, viazi vitamu na mkate wa mahindi, na nguruwe ilikuwa kipande kidogo tu cha kutia ladha.

"Kuku wa kila siku tumemkuta huku mjini," akasema. Duka la kuku lilikuwa kila kona ya mtaa wake, ila kupata mboga mbichi ilibidi apande basi.

Hapo darasa likaamka. Mzee mmoja wa Haiti akasema kwao wali haukuwa chakula cha kila siku. Alikua akila uji mzito wa mahindi na wa mtama, wali ukipikwa siku chache. Miaka ya 1990 ushuru wa mchele uliposhushwa, mchele wa Marekani ukamiminika nchini mwao kwa bei ndogo, wakulima wao wakashindwa kushindana nao. Kwa hiyo hata asiyesafiri chakula chake kilihama. Mama mmoja wa Nigeria naye akaanza kueleza habari za ndugu zake wa kijijini na wa mjini, lakini watu walikuwa wanazungumza kwa pamoja na sikumsikia vizuri.

Mama akanigusa bega. Nikadhani anataka twende zetu. Kumbe alitaka kusema.

Alisema Muheza alikula chapati siku ya Idi, pengine na kwenye harusi. Unga wa ngano ulikuwa ghali, mafuta yalipimwa kwa kikombe, na chapati zilitaka mikono mingi. Hapa unga na mafuta vimejaa kabatini. Nje kuna theluji, hana shamba la kwenda wala jirani wa kumpitia, na wajukuu wakirudi shuleni wanamkumbatia wakimwomba chapati. Anazipika kila siku. Kule, kabla ya kula, alikuwa ameshatembea hadi shambani na kurudi.

Nilitafsiri yote hayo, na katikati yake sauti ilinikwama. Nilikuwa naishi naye nyumba moja na sikuwahi kumsikia akiutaja upweke ule.

Dada yule wa lishe aliweka karatasi zake kando. Akatuuliza, mmoja mmoja, mama zetu walikuwa wakipika nini siku ya Jumanne. Akaandika ubaoni: kunde, bamia, mchicha, viazi vikuu, mtama, samaki, majani ya aina zote. Vyakula vya asili tulivyokuja kuambiwa tuvipunguze vilikuwa vile vya siku kuu. Vya siku za kazi havikuwa na ubaya wowote, na ubao ulijaa.

Tulipotoka, yule bibi akatuelekeza duka lenye unga mweupe wa mahindi, akaingia nasi. Mama aliyaona majani anayoyapenda bibi akasema ni sukuma wiki, akalitikisa fungu zima kwa furaha. Kunde zilivuka Atlantiki kutoka Afrika enzi za utumwa. Mahindi nayo yalikuja kwetu kutoka Amerika. Wale wazee wawili hawakuhitaji kuambiwa hayo. Walikuwa wanabishana kwa mikono juu ya mapishi: bibi anachemsha majani saa nzima na zaidi kwa shingo ya bata mzinga, mama anayakatakata membamba na kuyakaanga dakika chache kwa kitunguu na nyanya. Hakuna aliyekubali kushindwa.

Jioni ile mama akatangaza kwamba chapati zitapikwa Ijumaa tu. Wajukuu walilia, nikataka kuwaombea. Mama akakataa, akawafundisha kuchambua mboga.