Mbio za Mama Yetu Hajar

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, dada zangu wapenzi, na nyinyi kaka zetu mnaosoma kwa kuchungulia.

Wiki hii roho imenibana. Mama mkwe hajiwezi tena, kugeuzwa na kulishwa ni juu yangu, na watoto wako kwenye mitihani. Nikiwa katika hali hiyo, baada ya darsa dada mmoja mwenye watoto wadogo akanivuta pembeni: "Ustadhati, mie nikenda viwanja vya Maisara asubuhi kukimbia na wenzangu, napata dhambi? Maana nisipokwenda, siku nzima nawapigia watoto makelele." Kumbe kasemwa. Jirani kamwambia mke wa mtu hakimbii barabarani ila akiwa kafukuzwa.

Masharti mnayajua: stara, usalama, kuelewana na mume, sala kwa wakati wake. Sitayarefusha, tumeshahutubiwa sana.

Nataka tumuangalie Bi Hajar, mke wa Nabii Ibrahim (a.s.) na mama wa Nabii Ismail. Sote tunakijua kisa: bonde lisilo mmea, kiriba cha maji na tende kidogo, Nabii Ibrahim anamwacha hapo na mtoto, anageuka kuondoka. Bi Hajar akamuuliza, "Allah ndiye aliyekuamrisha?" Akajibu ndiyo. Akasema, "Basi hatotupoteza." Hiyo ndiyo yakini. Sasa soma mbele katika Sahihi ya Bukhari, hadithi ya Ibn Abbas (r.a.). Maji yameisha, mtoto anagaragara kwa kiu, mama hawezi kutazama. Akapanda kilima cha Safa, hakuona mtu. Akateremka bondeni, akapandisha ncha ya nguo yake, akakimbia mbio za mtu aliyefikwa na dhiki, mpaka akalivuka bonde akapanda kilima cha pili, Marwa. Mara saba.

Mwanamke yuleyule aliyesema hatotupoteza ndiye aliyekaza nguo na kukimbia. Basi mtu asikwambie kwamba ungekuwa na imani usingehemewa, au kwamba dawa ya dhiki ni dhikri peke yake na mbio ni za wasio na tawakkul, yaani wasiomtegemea Allah. Kweli nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Allah, lakini huo moyo umo ndani ya mwili, na Mtume (s.a.w.) kasema mwili wako una haki juu yako. Hajar hakulaumiwa kwa mbio zile. Zimefanywa ibada, na kila mwenye kuhiji, awe mfalme, awe mchukuzi, anafuata nyayo za mama mwenye mtoto mchanga aliyezidiwa.

Na Bi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, kashindana mbio na Mtume mwenyewe. Akamshinda, na baadaye, alipokuwa kanenepa, akashindwa yeye. Wanaotucheka wakaisome.

Mie magoti hayataki kukimbia. Natembea kwa haraka, raba miguuni na baibui juu, adhkari za asubuhi mdomoni. Nikirudi, mama mkwe ni yuleyule na shuka za kufua ni zilezile, ila mkono unaozifua hauna hasira. Mabinti wanaokimbia wananambia wao hata usingizi umerudi. Wataalamu wa afya duniani wanataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Ukizigawa, hazifiki nusu saa kwa siku.

Na hiyo nusu saa ndiyo inayoleta ugomvi majumbani! Waume zetu, niwieni radhi, leo nasema. Baba akishasali Alasiri yuko barazani, kahawa, bao, siasa, mpaka Isha. Hakuna aliyemwita mzururaji, tunasema anapunga upepo. Mkewe kaamka kabla ya adhana, kakuna nazi, kapeleka watoto skuli, jioni kawatoa chuo cha Kurani, kenda sokoni Darajani na kurudi na kapu. Akiomba nusu saa ya kutoka jasho, anaulizwa anamkimbilia nani. Muulize anakimbia nini! Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Sisi tumeshika hiyo ya kutoka tu.

Kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi vinajaa barabarani, na kaka zetu mnawapigia makofi wanawake wa watu. Mpigieni na wenu, japo kwa kumshika mtoto na kuteleka chai.

Yule dada nilimjibu aende. Na mwengine anayetaka kuanza, Jumamosi inshaallah baada ya Alfajiri tutakuwa Maisara, tunaotembea na wanaokimbia. Mwenye mtoto mchanga aje naye. Yuko bibi kajitolea kukaa nao chini ya mti. Maji kila mtu na chupa yake.