Asubuhi ya ukungu njia ya Irente

Nilipofungua dirisha saa kumi na mbili na nusu, Lushoto haikuwepo. Mkaratusi ulio hatua chache tu kutoka mlangoni niliujua kwa matone yake yaliyokuwa yakigonga bati. Nikavaa sweta la mtumba nililonunua sokoni jana yake, nikatoka.

Julai ndiyo kipupwe chenyewe huku Usambara, na mji uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Nilikuwa nimepanda kutoka Dar kwa sababu moja. Tulimzika baba mwezi Mei baada ya kumuuguza kwa muda mrefu, na tangu siku ile kichwa changu kilikuwa hakijatulia.

Njia ya Irente ni mwendo wa kama kilomita sita, udongo mwekundu, mashamba ya kabichi na karoti huku na huku. Kando ya nyumba moja palikuwa na mti wa plamu uliopukutika wote, na kila ncha ya tawi imening'iniza tone. Nimesikia mengi kuhusu majira ya kupukutika majani kule Ulaya. Sikujua kwamba kwetu Tanga nako ipo miti inayovua nguo zake.

Watu walinifikia kwa sauti kwanza. "Onga makeo!" Nikasimama, sioni mtu. Zikaja kandambili, ukaja upindo wa kanga, kisha mama mzima na tita la kuni kichwani. Nikamwitikia kwa Kisambaa changu cha kubabaisha, akafurahi.

"Ukungu ukiwa hivi tunasalimia mapema, mwanangu," akaniambia, "mwenzio asije akashtuka."

Akapita, akamezwa tena. Nilisikiliza nyayo zake hadi zikaisha.

Mbele kidogo, kwenye ua, nilimkuta kinyonga dume wa hukuhuku Usambara, mwenye pembe mbili bapa zilizotangulia pua. Baridi ilikuwa imemgandisha. Mguu mmoja ameuinua hajauweka, na matone matatu yamekaa mgongoni kama shanga. Nimekulia mahali ambapo kinyonga hupigwa mawe akionekana tu, na nasikitika kwamba na mimi niliwahi kurusha. Nilikaa naye mpaka jicho moja likageuka polepole kunitazama. Mguu ule akauweka.

Mvua haikuwa imenyesha, lakini chini ya miti udongo ulikuwa umelowa chepechepe, na hatua mbili pembeni pakavu. Majani na kuvumwani za mashina huudaka ukungu na kuudondosha chini. Ndivyo misitu ya milima hii inavyolisha chemchemi hata siku zisizo na mvua.

Ukingoni mwa Irente, ambapo siku ya jua unaiona nyika ya Mazinde na mashamba ya mkonge chini kabisa, palikuwa peupe tupu. Honi ya lori ilipanda kutoka barabara ya Arusha, nyembamba, ya mbali sana. Nikakaa juu ya jiwe. Nilimlilia baba pale, kwa mara ya kwanza bila mtu wa kunyamazisha wala wa kunyamazishwa, na nilipomaliza nilijikuta nina njaa, njaa nzuri ya mtu mzima wa afya.

Wakati wa kurudi nikasikia nyayo mbele yangu, za watoto, wengi. Sikuwaona bado.

"Onga makeo!" nikaita.

Wakaitikia wote kwa pamoja.