Mwezi ukijaa

Leo mwezi umejaa, kwa hiyo yuko nyumbani. Mtu wa Kigoma haelezwi: dagaa huvuliwa gizani, kwa taa, na mbalamwezi ikitanda ziwani hawaifuati taa. Basi mitumbwi inapumzika Kibirizi siku kadhaa, nyavu zinashonwa, na mwenzangu analala kitandani kwetu.

Nimemaliza kuosha sufuria. Alipika migebuka kwa mawese, na ugali wa muhogo. Huwa anawababua kwanza juu ya mkaa ili wasivunjike kwenye mchuzi, ndipo anamimina mawese na vitunguu. Nilisimama mlangoni namtazama akipuliza jiko. Jivu likamtua kwenye nyusi, nikamfuta kwa kidole gumba. Basi, ni hilo tu, na bado nalifikiria.

Sisi wanaume tunaopendana tukitajwa, tunatajwa kwa kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu na kifungo cha maisha. Woga huo ninao, sitaukana. Lakini siku nzima haijai woga. Mashati yetu ni ya saizi moja, sanduku moja linatutosha. Tukienda soko la Mwanga hunishika mkono tukizungumza na hakuna anayegeuka, maana wanaume wa huku wameshikana mikono hivyo tangu enzi za mababu. Mama mwenye nyumba anatuita "wanangu", na akipika maharage hatusahau.

Na Kiswahili! Kazini wakiniuliza kama nina mtu, nasema ninaye. Anapika vizuri, ana wivu kidogo, akirudi alfajiri ananukia mafuta ya taa na maji ya ziwa, na mimi naipenda harufu hiyo kuliko manukato yoyote. Yote kweli tupu. "Yeye" wetu haulizwi kama ni mume au mke. Hata shemeji ni shemeji tu.

"Shemeji hajambo?" dada mmoja wa ofisini aliniuliza Ijumaa.

"Hajambo, anakusalimu."

Jioni nikamfikishia salamu. Akacheka, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Mwambie nimezipokea." Nikaona jinsi alivyofurahi kusalimiwa, yeye mwenyewe, kama mtu wa nyumbani kwangu. Jumatatu nikazirudisha ofisini, neno kwa neno.

Ananiita nizime taa. Nje kweupe hadi milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, na ziwani hakuna hata mtumbwi mmoja.