Mgao wa Stesheni

Karani wa dirisha la tiketi katika stesheni kuu ya Freiburg, Ujerumani, aliigeuza skrini upande wetu ili tujionee wenyewe. Ijumaa tarehe 9 Agosti, hakuna. Jumamosi tarehe 10, hakuna. Jumapili, hakuna. Akashuka kwa kidole hadi Jumatano ya wiki iliyofuata ndipo akakuta viti viwili, na hiyo Jumatano Idi ingekuwa imeshatupita.

"Gari limejaa?" Baba akaniuliza.

Nikamuuliza karani kwa Kijerumani. Akasema hapana, treni ya moja kwa moja kutoka Paris kwenda Barcelona haijajaa. Anayetaka kukata tiketi ya kawaida atapata kiti, ila bei imeshapita euro 100 kwa mtu mmoja. Vilivyokwisha ni viti walivyotengewa wasafiri wenye pasi, yaani tiketi moja ya kupandia treni za nchi nyingi kwa siku zilizohesabiwa.

Nilimtafsiria Baba huku uso ukiniwaka moto. Pasi zile nilizinunua mimi, tangu Mei, na tangu Mei nilikaa nikiamini kwamba safari yetu imekamilika. Nilijua atanikaripia. Badala yake aliegemea dirisha kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini, akasema, "Aa. Ni mgao."

Ilikuwa Jumanne, tarehe 6 Agosti 2019.

Baba alikata tiketi za watu Tabora kwa miaka 34. Aliajiriwa 1974, reli ikiwa bado ya Afrika Mashariki nzima, akaendelea nayo baada ya 1977 ilipobaki ya Tanzania peke yake, akastaafu 2008. Mimi na dada yangu tulikua tukimpelekea chakula stesheni. Tabora ni njia panda: reli inayotoka Dar es Salaam inagawanyika pale, mkono mmoja unashika njia ya Kigoma na mwingine unapanda Mwanza, kwa hiyo dirisha la Baba halikuwahi kuwa tupu. Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, kila ukurasa safari moja, na sisi watoto tulikatazwa kuligusa kuliko tulivyokatazwa kugusa pesa.

Dada alikuwa ameolewa Barcelona na amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mimi nilikuwa nimemaliza shahada ya pili ya misitu pale Freiburg. Baba alikuja kwa hayo mawili, kuniona na cheti changu, kisha kumbeba mjukuu wake siku ya Idi el-Haj, ambayo mwaka ule iliangukia Jumapili tarehe 11 Agosti. Ndege ya bei nafuu kutoka Basel ingetufikisha kwa muda usiozidi saa mbili. Hakutaka hata kuisikia. "Nimeruka kutoka Dar mpaka huku sikuona kitu ila mawingu," aliniambia. "Nchi za watu nataka kuziona kwa reli."

Ndiyo maana nilinunua pasi. Yake ilikuwa ya Eurail, inayouzwa kwa wageni wanaokaa nje ya Ulaya. Yangu ilikuwa ya Interrail, kwa sababu pasi hiyo haijali uraia, inajali unapoishi, na mimi nilikuwa na kibali cha kuishi Ujerumani. Zote mbili zilikuwa za siku 5 za kusafiri ndani ya mwezi 1, na zinapanda treni zilezile. Tofauti moja iliyonigusa ni kwamba mwenye Interrail, katika nchi anayoishi, anaruhusiwa safari moja tu ya kutoka na moja ya kurudi. Haya yote niliyasoma, nikayaelewa, nikajisifu moyoni.

Nisichokielewa ni kwamba pasi inakulipia nauli, haikupi mahali pa kukaa. Kwa Ujerumani hilo halikuwahi kunisumbua. Huko unapanda hata treni ya kasi bila kuweka nafasi, ukikuta kiti kitupu unakaa. Austria ni vivyo hivyo kwa treni nyingi, na Uswisi ukiwa ndani ya nchi. Lakini treni za kasi za Ufaransa, za Hispania na za Italia hupandi mpaka uwe na kiti chenye namba, na kiti hicho kinalipiwa mbali na pasi. Italia mwaka ule ilikuwa euro 10. Treni nyingi za kasi zinazovuka mpaka zina sharti hilo, na baadhi yake hutenga viti vichache tu kwa wenye pasi. Vikiisha vimekwisha, hata kama nusu ya behewa haina watu. Mwezi wa Agosti nusu ya Ufaransa iko njiani kwenda baharini. Wenzetu waliojua walishika viti vyao tangu Juni.

"Basi sikiliza," Baba akaniambia palepale dirishani, na karani akatungoja kwa upole ingawa nyuma yetu kulikuwa na foleni. "Gari likitoka Kigoma kwenda Dar, vitanda vya daraja la kwanza na la pili havikuwa vya Kigoma peke yake. Kigoma wana vyao, Tabora tuna vyetu, Dodoma wana vyao. Mimi sina ruhusa ya kuuza kitanda cha Dodoma, hata nikijua kitakwenda kitupu mpaka huko. Mtu anakuja dirishani ananiambia, karani, nimeingia ndani nimeona kwa macho yangu nafasi zipo. Anasema kweli. Na mimi nikimwambia zimekwisha nasema kweli."

"Ulikuwa unawafanyaje?"

"Muulize huyu kijana kama kuna gari la kusimama kila kituo."

Nikauliza. Karani akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akavuta kibodi. Treni za mikoa za Ufaransa, zile zinazoitwa TER, hazikuwa na viti vya namba, hivyo hazikuwa na mgao, na mwenye pasi alizipanda bila kuongeza senti. Alitumia zaidi ya robo saa kuziunganisha moja baada ya nyingine, kisha akatuchapia karatasi mbili ndefu. Treni 8, siku 2, kulala Lyon. Tungeingia Barcelona usiku wa kuamkia Idi. Baba alizipokea karatasi zile kwa mikono miwili, akamshukuru kwa Kiswahili, na yule kijana akainamisha kichwa kana kwamba ameelewa.

Kabla hatujaondoka karani aliigonga mhuri pasi ya Baba na kuandika namba ya pasipoti, maana bila hivyo Eurail ya karatasi ilikuwa haijaanza kufanya kazi. Baba aliuchungulia mhuri ule mpaka wino ukakauka.

Jioni ya Alhamisi alikaa mezani na pasi yake. Zilikuwa za karatasi, zina jalada lenye mistari ya kujaza safari, na sheria ilikuwa kwamba treni uiandike kabla hujaipanda: tarehe, saa, unapotoka, unapokwenda. Mimi yangu niliijaza haraka kwa kalamu iliyokuwa karibu. Yeye aliomba rula. Aliandika kwa ule mwandiko wa daftari la Tabora, herufi zimesimama wima, saba yenye kijistari katikati, akaniuliza tahajia ya kila mji mara mbili. Mulhouse. Belfort. Besançon, na akaweka kile kimkia chini ya c. Siku iliyofuata, baada ya Besançon, mkaguzi mmoja wa kike aliichukua ile pasi akaisoma yote mstari kwa mstari, na wakaguzi hawasomi hivyo. Akamrudishia kwa maneno ambayo Kifaransa changu kidogo kilitosha kuyashika. Alisema ameandika vizuri sana.

Siku ya kwanza ilipita kwa utulivu, mashamba na vijiji na mvua nyepesi. Lyon tulilala hosteli karibu na stesheni ya Part-Dieu. Ya Jumamosi ndiyo safari ninayoikumbuka.

Tuliondoka mapema tukiteremka na mto Rhône: Vienne, Valence, Montélimar, Orange. Mpaka Avignon tulikaa vizuri. Baada ya hapo treni ilijaa watu na baiskeli na mabegi ya ufukweni hata mlango ukawa haufungi, na nikaanza kujilaumu upya. Mzee wa miaka 67, anayetembea kwa kuuhurumia mguu wa kushoto, nimemsimamisha kwenye korido kwa sababu sikulipia kiti mwezi Mei. Nikamwambia. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Mama, hili ni daraja la tatu," akasema. "Daraja la tatu halimwachi mtu stesheni. Hao ndio niliokuwa nawaambia, njoo upande hili, utasimama mpaka Itigi, baada ya hapo utakaa." Karibu na Nîmes msichana mmoja alinyanyuka akampisha, na Baba akakaa, akampakata mtoto wa mtu asiyemjua mpaka Montpellier.

Baada ya Narbonne reli inaingia kati ya maziwa ya maji chumvi, maji kushoto na maji kulia, na heroe wamesimama humo kama wale wa Manyara. Baba aliniamsha nione. Perpignan watu wengi wakashuka. Kisha bahari yenyewe, mizabibu imepandwa kwenye miteremko, mahandaki moja baada ya jingine, Collioure, Banyuls, Cerbère, handaki la mwisho, na treni ikasimama Portbou chini ya paa kubwa la chuma na vioo. Hispania. Kila mtu ashuke.

"Mwisho wa reli," Baba akasema.

Na ndivyo ilivyokuwa, kwa reli ile. Nilimweleza nilichokuwa nimekisoma: Ufaransa upana kati ya chuma na chuma ni milimita 1435, na reli ya zamani ya Hispania ni 1668, hivyo treni za kawaida haziwezi kupita moja kwa moja. Anayekwenda kusini anabadilisha Portbou, anayekwenda kaskazini anabadilisha Cerbère. Ile treni ya kasi tuliyoikosa inapita kwingine, kwenye njia mpya iliyojengwa kwa kipimo cha 1435, ndiyo maana inatoka Paris ikaingia Barcelona bila mtu kuinuka kitini.

Hakunijibu. Alikwenda mpaka ukingo wa jukwaa, akaenda upande wa pili, akarudi, akasimama akizitazama njia mbili kwa zamu. Tulikuwa na zaidi ya nusu saa ya kungoja na alitumia karibu yote hapo. Alipozungumza, alizungumzia Kidatu, pale reli ya TAZARA yenye milimita 1067 inapokutana na reli yetu ya mita moja, na mzigo unahamishwa kutoka behewa hadi behewa. Alisema alipokuwa kijana alidhani ni sisi tu tuliorithishwa reli zisizoshikana, kila mkoloni na kipimo chake. Kisha akauliza ile mpya iliyokuwa ikijengwa Dar kwenda Morogoro ni ya kipimo gani. Nikamwambia 1435. "Kama ya hawa wa kule," akasema akionyesha handaki tulikotoka, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijui kuiandika. Kwenye ndege ya Basel tusingeyaona hayo. Hata kwenye ile treni ya kasi tusingeyaona, na mpaka leo, kila nikishika kiti cha safari ya nje, Portbou inanijia kwanza.

Treni ya nane ilikuwa ya Kihispania, nyeupe, ina viti tele. Baba alilala mpaka Girona.

Tuliingia Barcelona Sants kama saa 3 usiku. Dada alikuwa amenitumia ujumbe mara tatu: yuko nje ya geti, mtoto yuko macho, anamngoja babu. Nikashika mkono wa Baba kumwongoza kwenye njia ya kutokea. Hakusogea. Alikuwa anatazama upande wa pili wa ukumbi, kwenye madirisha ya tiketi, mawili bado yana taa.

"Yale yanafungwa saa ngapi?"

"Baba, mtoto yuko hapo nje."

"Mtoto hatoroki, mama. Mgao ndio unaotoroka. Chukua namba."

Nikachukua namba. Tulingoja dakika 25 tukiwa na mabegi miguuni, dada akipiga simu, mimi nikimwambia tunakuja, tunakuja. Ilipofika zamu yetu niliomba viti viwili vya wenye pasi, Barcelona kwenda Paris, Jumatano tarehe 21. Yule mama wa dirishani alitaka kuziona pasi zote mbili, akazilinganisha, akaandika, akasubiri. Vilikuwapo. Tulilipa, akatupa karatasi mbili, na Baba akaniambia nimuulize kipi kiko dirishani. Akakionyesha kwa kalamu.

Baba alitoa daftari dogo mfukoni mwa koti. Aliandika tarehe, treni, behewa, namba za viti, na mbele ya kila namba jina. Kile cha dirishani alikiandika jina langu. Nikamwambia akibadilishe, yeye ndiye aliyetaka kuona nchi. Akalifunga daftari.

"Mimi nimeshaona. Ulilala mpaka Girona wewe?"

"Wewe ndiye uliyelala."

"Basi nitalala tena," akasema, akabeba begi lake mwenyewe kwenda kwa mjukuu.