Hatimkato ya Mama wa Watu, Edmonton

Nilikwenda Canada kulea. Nasema mapema ili pasiwe na wa kuniuliza kama niliona maporomoko ya Niagara. Sikuyaona; Edmonton iko upande mwingine kabisa wa nchi. Binti yangu alijifungua Januari, mkwe wangu kazi zake ni za zamu, nikaitwa. Kutoka Dar nilibadilisha ndege mara mbili, na katikati ya kubadilisha nilinunua chupa moja ya maji kwa dola nne. Hadi leo nina kinyongo nayo. Wiki tano za kwanza hazina habari: kuogesha mtoto, kukoroga uji, kutazama theluji dirishani. Unga wenyewe wa uji unauzwa kwenye kipakiti cha kubebea chumvi, kwa bei ambayo kwetu ungetoka sokoni na debe.

Jumanne moja ya Machi binti akaniambia, "Mama, hebu toka kidogo ukapunge upepo." Upepo wenyewe ulikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Nikavaa buti zake, ambazo zimenizidi namba mbili, nikapanda basi.

Hapa ndipo nilipoibiwa, kama ni halali kuuita wizi. Basi halina konda. Pembeni ya dereva kuna sanduku lenye tundu, nikatumbukiza noti ya dola kumi, nikasimama kusubiri chenji. Dereva akaniangalia. Nikamwangalia. Akasema kwa upole kabisa kwamba sanduku linapokea tu, halirudishi. Kwetu angekuwepo konda, tungegombana hadi mwisho wa njia na abiria wangenisaidia; pale nitagombana na sanduku? Abiria wote walikuwa wameinamia simu zao. Nikaenda kukaa siti ya nyuma nikipiga hesabu kwa shilingi, jambo ambalo binti amenikataza. Hesabu hiyo ndiyo iliyonipitisha kituo. Nilipoinua kichwa tulikuwa tumeshavuka daraja la chuma la High Level, lile lililofunguliwa mwaka 1913, na mto uko chini huko umeganda kama sahani.

Nikashuka upande wa kusini, Strathcona, ambao zamani ulikuwa mji wake wenyewe mpaka ulipounganishwa na Edmonton mwaka 1912. Niliipita sekondari yake ya zamani, jengo la matofali lililoanza kazi 1909. Chuo Kikuu cha Alberta, kabla hakijapata majengo yake, kiliendesha masomo humo humo hadi 1911. Sikusimama kulitazama. Vidole vya miguu nilikuwa sivisikii tena, na mlango wa kwanza niliouona wazi ulikuwa wa duka la vitu vya kale. Niliingia kufuata joto tu.

Kwenye meza ya pili nikaikuta. Mashine ya taipu, Underwood namba 5, nyeusi, imekaa wima kama mzee wa kanisa. Kibandiko: dola 240. Na kule bei ya kwenye kibandiko si bei. Ukifika kaunta inaongezwa kodi ya asilimia 5. Mwenye duka, mzee wa miaka themanini hivi, akaniuliza kama najua ni kitu gani. Baba wewe! Nimesoma Chuo cha Uhazili Tabora, nimekuwa katibu muhtasi miaka 31, nimestaafu na vidole vyangu vyote. Nilimjibu kwa kifupi, "Nipe karatasi."

Nikavua glovu. Nikaingiza karatasi, nikazungusha rola, nikachapa hadi mwisho wa mstari kengele ikalia, na sauti ile ikanipeleka moja kwa moja darasani, mwalimu anapita nyuma yetu na kitambaa cha kufunika vitufe tusivione. Nilipotaka kuandika mwaka, mzee akaanza kutabasamu. Mashine zile hazina kitufe cha moja, naye alidhani kaninasa. Nikabonyeza herufi l ndogo bila hata kutazama. Tabasamu likabadilika. Kisha nikachapa Tabora, Tabora, Tabora, kidole kidogo cha kushoto kikakumbuka taabu yake yote ya zamani. Aliyepanga vitufe vile hakuwa na Kiswahili kichwani: herufi a, ambayo sisi hatumalizi sentensi bila kuipitia mara kumi, kaipa kidole dhaifu kuliko vyote.

Mzee akaenda chumba cha nyuma, akakaa huko kitambo. Akarudi na daftari dogo, kurasa za manjano. La mama yake, alisema, alipokuwa msichana McDougall Commercial High School, ng'ambo ya mto, mwishoni mwa miaka ya 1920. Limejaa penseli, naye hajawahi kusoma hata neno moja. Watoto wake wamemshauri alitupe.

Ilikuwa hatimkato ya Pitman.

Kwa wasiojua: hatimkato ni mwandiko wa makatibu wa kunasa maneno mtu anapoongea; haiandiki herufi, inaandika sauti, kwa vimstari na vipinde. Mstari mwembamba ni p, ule ule ukikandamizwa ukawa mnene ni b. Mwembamba t, mnene d. Irabu ukiwa na haraka unaziacha. Sasa fikiria penseli ya miaka karibu mia moja, nyembamba na nene zote zimefifia zikafanana. Nilivaa miwani, mzee akavuta kiti, akasimama mwenyewe. Kurasa za kwanza zilikuwa imla za darasani: Bwana mpendwa, kwa kujibu barua yako ya tarehe 14, tumepokea mzigo wenu wa mbegu. Barua za watu ambao hawakuwahi kuwepo, kama zile tulizoandika sisi kuhusu mifuko ya saruji ya Tanga. Mzee alisikiliza mbegu zile kama anasomewa Zaburi.

Ukurasa wa nyuma haukuwa imla. Mwandiko wa haraka, umelala. "Alhamisi," nikasoma. "Viatu." Halafu mstari mmoja mfupi ambao kwa Kiingereza unaweza kuwa kulipa au kununua, tofauti yake ni unene tu, na unene ulishakwenda. Halafu "mechi". Nilimweleza ukweli: sijui kama mama yako alikuwa analipa deni la viatu au anakwenda kununua vipya, lakini vyovyote iwavyo Alhamisi alikuwa na mechi akilini. Mzee akacheka mpaka akatoa leso. Hakuwa mchezaji, alisema. Alikuwa mtazamaji. Mji mzima ulikuwa mtazamaji.

Ndipo nikapewa habari ambayo ilistahili chenji yangu iliyobaki sandukuni. Enzi zile sekondari za Canada zilikuwa na njia zake. Anayeelekea chuo kikuu alikazana na Kilatini. Wavulana walipangwa mistari wakacheza gwaride la ukadeti, yaani mafunzo ya kijeshi ya wanafunzi, na tangu 1909 kulikuwa na mfuko wa tajiri mmoja, Lord Strathcona, wa kugharimia gwaride na mazoezi ya viungo mashuleni. Binti ambaye nyumbani wanangoja mshahara wake alipelekwa shule ya biashara: taipu, hatimkato, utunzaji wa vitabu vya hesabu. Mwalimu wa masomo hayo pale McDougall, Percy Page, akawa pia kocha wa wasichana wa mpira wa kikapu. Mwaka 1915 waliomaliza shule wakakataa kuachana, wakaunda timu, wakaiita Grads, yaani Wahitimu. Mchana walikaa ofisini kwenye mashine, jioni mazoezini. Malipo ya mpira hakuna.

Mpaka timu inavunjwa 1940, wakati jeshi la anga lilipochukua ukumbi wao kwa ajili ya vita, walikuwa wameshinda mechi 502 na kupoteza 20. Nilimwambia mzee arudie. Akarudia. Mwaka 1924 walikwenda Ufaransa wakati wa Olimpiki ya Paris, ingawa mchezo wao haukuwa rasmi, wakarudi bila kufungwa. Na kombe walilolishika tangu 1923, akagonga mashine iliyokuwa mbele yangu, lilitolewa na kampuni ya Underwood. Makarani wa taipu wanapewa kombe na watengeneza taipu! Page mwenyewe mwaka 1959 akawa mwakilishi wa Malkia katika jimbo la Alberta.

Kilichonikaa zaidi ni matokeo ya 1922, fainali dhidi ya timu ya London, ile London ya Ontario. Wakati huo wasichana walikuwa na sheria zao: uwanja umegawanywa, kila mmoja na eneo lake, usivuke, maana kukimbia sana eti kutawaumiza. Grads walizoea sheria za wavulana. Basi zikachezwa mechi mbili, moja kwa kila sheria. Kwa sheria za kike walifungwa 21 kwa 8. Kwa sheria za kiume walishinda 41 kwa 8, wakabeba ubingwa kwa jumla ya mabao.

Mimi Tabora nilicheza netiboli, namba WD, mlinzi wa pembeni. Anayeijua netiboli anajua WD haingii kwenye duara la kufungia. Miaka miwili sikurusha mpira golini hata mara moja, wala sikuwahi kuona kama nimenyimwa kitu. Nilijua ndivyo mpira ulivyo. Kumbe netiboli yetu ni mtoto wa kikapu kile kile cha wasichana cha miaka ya 1890, kililelewa Uingereza kikaletwa kwetu pamoja na mistari yake. Nilirudi na basi la jioni nikiwa na chenji kamili mkononi, nauli kasoro hakuna, nikiwaza nani alituchorea mistari ile.

Usiku, mtoto alipolala, nikampigia shoga yangu niliyesoma naye chuoni, yeye alikuwa GS, mfungaji, na hajaacha kuringa nayo. Nikamsimulia yote: daftari, viatu, mechi 502. Akasikiliza kimya, kitu ambacho si kawaida yake.

"Hiyo Underwood umesema shilingi ngapi?"

Nikamtajia, pamoja na kodi.

"Shoga, mimi ninayo moja stoo, kuku anatagia juu yake. Muulize huyo mzee kama anaihitaji na mayai."